Utalii wa mizabibu Cape Town: Nani hufaidi mgeni anapoonja?

TANGU Januari 1, 2023, raia wa Kenya mwenye pasipoti halali ameweza kuingia Afrika Kusini bila viza na kukaa humo hadi siku 90 kwa mwaka. Makubaliano hayo yalitangazwa jijini Nairobi Novemba 2022, wakati wa ziara ya Rais Cyril Ramaphosa, na yakatuliza malalamishi ya miaka mingi ya Wakenya waliolazimika kujaza fomu, kulipa ada na kusubiri, ilhali wenzao wa Afrika Kusini waliingia humu nchini bila taabu kama hiyo.

Hatua hiyo iliifanya safari fupi ya Cape Town kuwa jambo jepesi zaidi kupanga. Na anayefika huko ni nadra kuondoka bila kushauriwa apitie mashamba ya mizabibu ya Stellenbosch, Franschhoek, Paarl au Constantia, aonje mvinyo, ale chakula cha mchana chini ya mialoni na, akiwa na nafasi, alale usiku mmoja au mbili kabla ya kurejea mjini.

Ni utalii wenye utulivu na mandhari ya kuvutia. Lakini wahenga walinena, ukiona vyaelea jua vimeundwa. Swali ambalo wageni wengi hawaulizi ni hili: fedha wanazoziacha pale shambani huishia mikononi mwa nani? Jibu lake lina uzito hata kwa Naivasha na Dodoma, ambako mizabibu pia hupandwa na ambako utalii wa aina hii unaweza kujaribiwa.

Kinachomvuta mgeni

Stellenbosch iko umbali wa takriban kilomita 50 kutoka Cape Town, ilhali Constantia imo ndani ya jiji lenyewe. Kwa hivyo, mtalii aliyekuja kuona mlima Table Mountain au kisiwa cha Robben anaweza kutenga siku moja tu na akatembelea mashamba matatu au manne.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mgeni hulipa ada, huketi mezani au kusimama kwenye kaunta, kisha mhudumu humtilia vionjo vya aina nne au tano za mvinyo, kila kimoja kiasi cha mafunda machache. Huelezwa zabibu ilikotoka, mwaka ilipovunwa na muda ambao mvinyo ulikaa katika mapipa ya mbao. Pembeni huwekwa chombo cha kumwagia, kwa kuwa mwonjaji si lazima ameze. Akipendezwa, hununua chupa.

Kuonja, hata hivyo, ni mwanzo tu wa biashara. Mashamba mengi sasa yana mikahawa, vyumba vya wageni, maduka ya vyakula, bustani na viwanja vya watoto. Harusi hufanyika humo, mikutano ya makampuni huandaliwa humo, na muziki hutumbuizwa humo jioni za kiangazi. Hata asiyekunywa pombe kwa sababu ya dini au afya hupata la kutazama, kuanzia majumba meupe ya Kiholanzi ya karne ya 18 hadi njia za kutembea milimani.

Kalenda nayo imepangwa ili mgeni asikosekane. Mavuno huanza Januari na kuendelea hadi Aprili, na msimu huo huvuta wanaotaka kuona zabibu zikikatwa na kukamuliwa. Majira ya baridi yanapoingia na fuo za bahari kuwa tupu, Franschhoek huandaa tamasha la Julai la kukumbuka siku ya taifa ya Ufaransa, kwa kuwa bonde hilo lilikaliwa na wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa mwaka 1688.

Bonde hilohilo lilianzisha mwaka 2012 safari za tramu zinazowazungusha wageni kutoka shamba moja hadi jingine. Mbali na kupendeza macho, tramu hiyo hutatua tatizo kubwa la utalii huu, yaani dereva aliyeonja katika mashamba manne kisha akashika usukani. Nchi ambayo imewahi kupambana na walevi barabarani kwa vifaa vya alkoblo haina haja ya kuelezwa umuhimu wa hilo.

Mbinu ya mwaka 1971

Utalii huu haukuota wenyewe kama magugu. Mwaka 1971, wakulima watatu wa Stellenbosch, Frans Malan wa shamba la Simonsig, Spatz Sperling wa Delheim na Neil Joubert wa Spier, waliungana kuanzisha njia ya mvinyo ya kwanza nchini humo. Malan alikuwa ameona mfano wake katika eneo la Burgundy, Ufaransa, ambako vibao vya barabarani vilimwelekeza msafiri kutoka kijiji hadi kijiji.

Wazo lao lilikuwa la ajabu kwa wakati ule. Mkulima wa zabibu alizoea kupeleka mavuno yake kwa chama cha ushirika au kwa kampuni kubwa, kisha akasubiri malipo. Sekta nzima ilikuwa chini ya chama cha KWV kilichoundwa mwaka 1918, ambacho kilipewa na sheria mamlaka makubwa juu ya bei na kiasi cha mvinyo. Watatu hao walitaka mnunuzi aje mwenyewe mlangoni, badala ya wao kumfuata sokoni. Leo mashamba zaidi ya 100 yamo katika njia hiyo ya Stellenbosch, na maeneo mengine yameiga.

Umuhimu wa mbinu hiyo huonekana wazi ikitazamwa kwa jicho la uchumi. Sehemu kubwa ya mvinyo wa Afrika Kusini unaouzwa ng'ambo husafirishwa ndani ya matangi, ukatiwa chupa na kubandikwa lebo huko ughaibuni. Mkulima hulipwa bei ya malighafi, na anayetia chupa huchukua faida. Ni kisa ambacho Mkenya wa kahawa au chai anakifahamu vizuri.

Chupa inayouzwa shambani ni hadithi tofauti. Haina msafirishaji, wakala wala duka la kati la kugawana naye. Mnunuzi hulipia pia mandhari, chakula na kumbukumbu ya siku hiyo. Kwa shamba dogo lisilo na uwezo wa kushindana katika rafu za maduka ya London au Amsterdam, mlango wa kupokelea wageni umekuwa ndiyo njia ya kuendelea kuishi.

Na kuishi kwenyewe si jambo la hakika. Katikati ya miaka ya 2000, Afrika Kusini ilikuwa na zaidi ya hekta 100,000 za mizabibu. Kufikia miaka ya 2020, eneo hilo lilikuwa limeshuka chini ya hekta 90,000. Wakulima wengi wameng'oa mizabibu na kupanda matunda mengine yenye malipo bora, na ukame uliokaribia kukausha mifereji ya Cape Town mwaka 2018 ulizidisha hofu.

Hata hivyo, kumtegemea mgeni kuna hatari yake. Janga la korona lilipozuka, serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku uuzaji wa pombe mara nne kati ya Machi 2020 na Julai 2021, ili kupunguza majeruhi wa ulevi hospitalini. Mipaka ilifungwa, ndege zikatua, na vyumba vya kuonjea vikafungwa. Mashamba yaliyokuwa yameweka tegemeo lao lote kwa mtalii yalijikuta hayana mtalii wala soko.

Historia isiyotiwa glasini

Mgeni anayesimuliwa kuhusu udongo na mapipa mara nyingi husikia pia kuhusu tarehe mbili: Februari 2, 1659, siku ambayo Jan van Riebeeck aliandika kwamba mvinyo umekamuliwa kwa mara ya kwanza kutokana na zabibu za Rasi, na mwaka 1685, ambapo gavana Simon van der Stel alipewa ardhi ya Constantia.

Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba mwaka 1658, yaani mwaka mmoja kabla ya mvinyo huo wa kwanza, meli zilikuwa zimeshusha mamia ya watumwa katika Rasi hiyo. Kwa zaidi ya miaka 170 iliyofuata, waliolima, waliopogoa na waliokamua zabibu walikuwa watu waliotekwa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji ramani kuelewa undugu wa historia hiyo na yake mwenyewe.

Utumwa ulikomeshwa kisheria Desemba 1, 1834, ingawa walioachiliwa walilazimika kuwatumikia mabwana wao wa zamani kwa miaka minne zaidi. Baada ya hapo pingu zilibadilika sura. Ulienea utaratibu uliojulikana kama 'dop', ambapo kibarua alilipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo wa hali ya chini, akinyweshwa mara kadhaa kwa siku akiwa kazini.

Utaratibu huo ulipigwa marufuku na sheria katika karne ya 20, lakini masalio yake yaliendelea hadi miaka ya 1990. Madhara yake hayakuisha na sheria. Tafiti zilizofanywa katika jamii za mkoa wa Western Cape zilibaini viwango vya watoto walioathiriwa na pombe wakiwa tumboni ambavyo ni miongoni mwa vya juu zaidi kuwahi kurekodiwa duniani. Kwa hivyo, bonde linalowafundisha wageni kunywa kwa ustaarabu ndilo lilelile lililotumia kinywaji hicho kuwafunga watu kazini.

Si mbali na mashamba hayo ya starehe, kati ya Franschhoek na Paarl, lipo gereza lililoitwa Victor Verster. Ni kutoka lango lake ambapo Nelson Mandela alitoka akiwa huru Februari 11, 1990. Wageni wengi husimama hapo kupiga picha kwenye sanamu yake, kisha wakaendelea na safari ya kuonja. Wachache hujiuliza ni kiasi gani uhuru huo ulivuka ua na kuingia mashambani.

Kibarua na mgeni

Agosti 2011, shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu mashamba ya matunda na mvinyo ya mkoa huo. Ilieleza juu ya makazi duni, wafanyakazi kunyunyiziwa dawa za wadudu bila kinga ya kutosha, ukosefu wa maji na vyoo wakiwa kazini, na vikwazo dhidi ya vyama vya wafanyakazi. Wenye mashamba walilalamika kwamba ripoti hiyo iliwatia wote kapu moja, wema na wabaya. Shirika lenyewe lilikiri kuwa yapo mashamba yaliyofuata sheria na hata kuipita.

Mwaka uliofuata, hasira zililipuka. Novemba 2012, vibarua wa zabibu za kula katika mji wa De Doorns waligoma, na mgomo ukasambaa hadi miji mingine ya mkoa. Barabara zilifungwa, mashamba yakachomwa moto na maisha yakapotea. Dai lao lilikuwa ujira wa randi 150 kwa siku. Kiwango cha chini wakati huo kilikuwa randi 69. Kuanzia Machi 1, 2013, serikali ilikipandisha hadi randi 105.

Kima cha chini cha mshahara cha taifa kilipoanza kutumika Januari 2019, wafanyakazi wa mashambani waliwekwa chini ya wengine: randi 18 kwa saa, ilhali kwa jumla kiwango kilikuwa randi 20. Usawa ulipatikana Machi 2021.

Takwimu hizo zikilinganishwa na bei ya chakula cha mchana katika mkahawa wa shamba la kifahari, pengo lake halihitaji mtaalamu wa hesabu. Hata hivyo, si haki kudai kwamba utalii ndio uliozaa umaskini huo. Umaskini ulitangulia. Isitoshe, mkahawa na hoteli huajiri wapishi, wahudumu, madereva na watunza bustani mwaka mzima, tofauti na mavuno yanayohitaji mikono kwa miezi michache tu.

Tatizo ni kwamba utalii hupandisha thamani ya ardhi na nyumba. Katika baadhi ya mashamba, vijumba vilivyokuwa makazi ya vibarua vimekarabatiwa na kuwa vyumba vya wageni. Sheria ya mwaka 1997 inayolinda wakazi wa mashambani dhidi ya kufurushwa ipo, lakini kesi za familia kutimuliwa zimeendelea kufika mahakamani. Mzee aliyezaliwa shambani na kulitumikia miaka 40 hujikuta akiwa mgeni, huku mgeni wa usiku mmoja akipewa ufunguo wa nyumba.

Majaribio ya kugawana

Yapo majaribio ya kurekebisha hali hii. Mwaka 2002 kiliundwa chama cha WIETA, kinachowaleta pamoja wenye mashamba, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kijamii ili kukagua hali ya kazi. Shamba linalofaulu huruhusiwa kuweka nembo ya chama hicho kwenye chupa zake. Mgeni anayejali anaweza kuitafuta nembo hiyo kabla ya kutoa fedha zake, na hilo pekee humpa nguvu ambayo hakuwa nayo awali.

Shamba la Solms-Delta, karibu na Franschhoek, lilikwenda mbali zaidi. Lilifungua makavazi yanayosimulia maisha ya watumwa waliolijenga, na likawapa wakazi wake hisa kupitia hazina maalumu. Mwaka 2016 serikali iliingia kama mbia. Lakini kufikia 2018 mradi huo ulikuwa umelemewa na madeni. Funzo lake ni chungu: hisa za biashara isiyo na faida hazimjazi mtu sufuria.

Njia nyingine imeonyeshwa na Ntsiki Biyela, mzaliwa wa KwaZulu-Natal aliyepata ufadhili wa kusomea utengenezaji mvinyo katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch akiwa hajawahi kuuonja. Mwaka 2004 aliajiriwa na shamba la Stellekaya na akatambuliwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini humo kushika wadhifa wa mtengenezaji mkuu wa mvinyo. Baadaye alianzisha kampuni yake, Aslina, kwa jina la nyanya yake.

Biyela alianza bila shamba, akinunua zabibu za wengine. Hapo ndipo kiini cha mjadala kilipo. Mtengenezaji Mweusi anaweza kushinda tuzo, lakini asipokuwa na ardhi hana mialoni ya kumketisha mgeni wala chumba cha kumlaza. Hubaki kuuza chupa sokoni, palepale ambapo faida ni nyembamba. Zaidi ya miaka 30 baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, sehemu kubwa mno ya mizabibu ya Western Cape ingali mikononi mwa Wazungu.

Naivasha na Dodoma zijifunze nini?

Uhusiano wa Kenya na Stellenbosch ni wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya mvinyo ya KWAL, iliyoundwa na serikali ya Kenya mwaka 1969, iliuziwa hisa zake kwa hatua. Kampuni ya Distell, yenye makao Stellenbosch, ilinunua hisa za kwanza mwaka 2014 na kufikia 2017 ikawa na usemi mkubwa. Mwaka 2023 Distell nayo ilimezwa na Heineken ya Uholanzi. Hivyo basi, Mkenya anaponunua chupa ya mvinyo wa Rasi jijini Nairobi, faida yake husafiri mbali.

Humu nchini, Rift Valley Winery imekuwa ikikuza mizabibu katika shamba la Morendat, Naivasha, na kuuza mvinyo kwa jina la Leleshwa. Naivasha ina kila kinachohitajika kwa mapumziko mafupi: ziwa, hoteli, mbuga ya Hell's Gate na umbali wa mwendo wa saa mbili hivi kutoka Nairobi. Mizabibu ya maeneo ya ikweta haipati baridi ya kuilaza usingizi, hivyo mkulima huiongoza kwa kuipogoa. Kwa utalii, hali hiyo ni neema, kwani mavuno yanaweza kupangwa zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Lakini Naivasha ina funzo jingine mlangoni pake. Maua yake hupamba meza za Ulaya, ilhali wengi wa wanaoyakata huishi katika mitaa yenye msongamano kama Karagita. Utalii wa mizabibu ukijengwa juu ya msingi huohuo, utazaa picha nzuri na malalamishi yaleyale.

Dodoma, Tanzania, ina mwanzo tofauti. Zabibu zililetwa huko na wamishenari, na leo hulimwa kwa sehemu kubwa na wakulima wadogo wenye ekari chache, wanaovuna mara mbili kwa mwaka. Kilio chao cha kila msimu ni soko: viwanda vikishiba, zabibu huozea shambani. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imewasogeza wakazi wa jiji hilo la pwani karibu na mashamba hayo.

Ndiyo maana kisa cha mwaka 1971 kinawahusu zaidi wakulima wa Dodoma kuliko kinavyomhusu tajiri mmoja. Malan, Sperling na Joubert walikuwa washindani, lakini walielewa kwamba mgeni hasafiri kilomita 50 kwa ajili ya shamba moja. Huja kwa sababu ya njia nzima. Wakulima wadogo wakiungana, wakaweka vibao, choo safi, kivuli, chakula cha nyumbani na mwongozaji anayejua kueleza, watakuwa wameuza zabibu zao kwa bei ambayo kiwanda hakitawapa kamwe.

Ushirika wa namna hiyo unaweza pia kukwepa kosa la Rasi, kwa kuwa mwenye ardhi, mvunaji na mpokeaji wa wageni watakuwa ni mtu yuleyule. Sharti ni kwamba serikali za Kenya na Tanzania, zikitunga kanuni za leseni na ushuru, zisiziandike kwa kumfikiria mwekezaji mkubwa peke yake. Leseni ghali ya kuonjesha mvinyo ni ukuta kwa mwenye ekari mbili, na ni kiingilio kidogo tu kwa mwenye ekari elfu mbili.

Mkenya anayefunga safari ya Cape Town naye ana nafasi yake. Hakuna anayemtaka asiende wala asifurahie. Lakini anaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa: shamba hili lina nembo ya ukaguzi wa hali ya kazi? Wanaochuma zabibu hulala wapi? Yupo mtengenezaji Mweusi katika njia hii anayeuza mvinyo wake? Wenye mashamba husikiliza sana maswali ya mteja, mara nyingine kuliko wanavyosikiliza mahakama.